Jina la Aliyeokota

Nilipoacha chuo, swali lilikuwa moja tu nyumbani: sasa utakuwa nani? Sikuwa na jibu, nikapanda matatu hapa Eldoret kwenda kumwona kogo, nyanya yangu, ng'ambo ya Kabarnet. Ukipita Iten barabara inateremka hadi Tambach, inavuka mto Kerio pale Chebloch, halafu inapanda vilima vya Tugen. Upande wa pili, kuelekea Ziwa Baringo, mvua imechimba ardhi hadi matabaka yake yanaonekana kama chapati zilizopangwa.

Huko ndiko Lukeino. Miaka milioni sita hivi iliyopita palikuwa na ziwa na mito. Tope lilituama, jivu la volkeno likaangukia juu yake, tabaka baada ya tabaka, mpaka likawa jiwe. Chini ya mashapo hayo kuna lava ya kale, na juu yake lava changa zaidi. Lava ndiyo saa yetu: wanasayansi hupima argoni iliyojikusanya ndani yake, wakajua umri wa kile kilichobanwa katikati.

Mwaka 1974 Martin Pickford alipata gego moja hapo. Gego moja halisemi mengi. Ilibidi kungoja hadi Oktoba 2000, Kiptalam Cheboi alipoona vipande vya taya. Baadaye ikapatikana mifupa ya paja, na Pickford na mwenzake Brigitte Senut wakasema ni ya kiumbe aliyetembea kwa miguu miwili. Wataalamu wengine walibisha. Mwaka 2001 kiumbe huyo akapewa jina: Orrorin tugenensis. Orrorin ni Kitugen, yaani mtu wa asili.

Darasani nilisikia majina ya maprofesa. La Cheboi nililikuta baadaye, nikijisomea kwa simu. Na bado kazi yenyewe huanza hivyo: mtu anatembea polepole, ameinama, anatenganisha mfupa na kokoto kwa macho tu. Hiyo nayo ni elimu, hata kama haina cheti.

Nilimsimulia kogo yote hayo jioni, tukinywa mursik. Miaka milioni sita haikumshtua. Aliuliza kitu kimoja tu:

"Na huyo aliyeokota, anaitwa nani?"

Nikamwambia. Akalirudia jina taratibu, kama analiweka mahali asije akalisahau.