Kijana, Redio na Mashine ya Taipu

Leo ni somo la historia. Kabla sijaanza, namwomba mwalimu wa kila darasa aandike ubaoni maneno haya matatu: Hamburg, Hitler, Helmuth. Hamburg ni mji mkubwa wa bandari katika Ujerumani. Hitler mnamjua. Huyo wa tatu ndiye mwenye somo letu. Jina lake kamili ni Helmuth Hübener, lakini jina la pili lina tabu kulitamka, kwa hiyo tumwite Helmuth tu.

Helmuth alizaliwa Hamburg tarehe 8 Januari 1925. Chama cha Hitler kilipotwaa serikali, mwaka 1933, yeye alikuwa mtoto wa miaka minane. Basi alikua akisikia sauti moja tu. Magazeti yote yalikuwa chini ya serikali, na redio vilevile. Tena serikali ile ilipenda sana watu wawe na redio. Mwaka 1938 ilitolewa redio ndogo ya bei rahisi, marki 35, ili hata nyumba ya mfanyakazi wa kawaida ipate kumsikia Hitler. Vita vilipoanza, Septemba 1939, ikatolewa sheria: ni marufuku kusikiliza redio ya nchi ya kigeni. Msikilizaji hufungwa, na anayezieneza habari hizo aweza kuuawa.

Katika mwaka 1941 Helmuth alikuwa na miaka 16, akijifunza kazi ya ukarani katika ofisi ya serikali ya mji. Kaka yake, aliyekuwa askari, alikuwa ameleta redio kutoka Ufaransa, nayo ilikuwa na nguvu ya kushika stesheni za mbali. Usiku, wazee wa nyumba wakiisha kulala, Helmuth aliifungua kwa sauti ya chini akasikiliza habari za London, zilizosomwa kwa Kijerumani.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penye kazi yake hasa. Helmuth hakusema, "Hii ni redio ya London, kwa hiyo ni kweli." London nayo ilikuwa vitani, na kila aliye vitani ana lake la kusema. Alichofanya ni kulinganisha. Aliandika upesi upesi yale aliyoyasikia, kisha akaweka habari hizo karibu na habari za serikali yake, za siku zile zile na za vita vile vile. Akaona kwamba London ilitaja hata hasara zake yenyewe, ndege zilizoanguka na meli zilizozama. Redio ya nyumbani ilitaja ushindi, kesho yake ushindi tena. Oktoba 1941 wakubwa wa serikali walitangaza kwamba Urusi imekwisha kushindwa. Majira ya baridi yakaja, na askari wa Kijerumani wakawa bado wanakufa huko huko Urusi. Mtu yeyote mwenye ndugu vitani angeweza kufanya hesabu hiyo, lakini ilikuwa hatari hata kuifanya kichwani.

Helmuth aliwaita rafiki zake wawili, Karl-Heinz Schnibbe na Rudolf Wobbe, waje kusikiliza pamoja naye. Wote watatu waliabudu katika kanisa moja, na Rudolf alikuwa na miaka 15 tu. Kisha Helmuth akaanza kuandika. Alitumia mashine ya taipu ya kanisa, maana alikuwa akisaidia kazi za ukarani pale. Karatasi nyingine zilikuwa ndogo kama kiganja, zenye maneno machache ya kumpinga Hitler. Nyingine zilijaa ukurasa mzima, zikieleza habari za vita, na kumwambia msomaji ampe mwenziwe. Yalikuwa maandishi mbalimbali yapata 60. Vijana wakayatia katika masanduku ya barua, katika vibanda vya simu, hata katika mifuko ya makoti ya watu.

Kijana wa nne, Gerhard Düwer, alifanya kazi ofisi moja na Helmuth. Helmuth alitaka maandishi yatafsiriwe kwa Kifaransa, ili wafungwa wa vita wapate kuyasoma. Jambo hilo likamfikia mtu wa ofisini aliyekuwa wa chama. Tarehe 5 Februari 1942 Helmuth alikamatwa kazini. Alipigwa, lakini alijaribu kuubeba mzigo wote peke yake.

Kesi ilisikilizwa Berlin tarehe 11 Agosti 1942, katika mahakama ya Hitler ya kuwahukumu wapinzani. Mahakimu walisema kijana huyu ana akili kupita umri wake, kwa hiyo ahukumiwe kama mtu mzima. Ajabu ya hukumu! Akili yake ndiyo iliyomponza. Rudolf alipata miaka kumi, Karl-Heinz mitano, Gerhard minne. Helmuth alikatwa kichwa katika jela ya Plötzensee, Berlin, tarehe 27 Oktoba 1942. Alikuwa na miaka 17.

Huenda mmoja wenu anauliza: je, karatasi zile ziligeuza nini? Vita havikukoma mpaka 1945, na nyingine kati yake watu waoga walizipeleka polisi. Lakini serikali yenye majeshi na ndege ilimwogopa karani mwanafunzi mwenye mashine ya taipu, ikaona haitakuwa salama akiwa hai. Mwaka 1998 sheria ya Ujerumani ilifuta hukumu zote za mahakama ile. Na mjini Hamburg iko shule yenye jina lake.

Sasa fungueni madaftari. Chagueni habari moja mliyoisikia juma hili kutoka kwa watu wawili, au redio mbili, au gazeti na jirani. Andikeni upande wa kushoto alivyosema wa kwanza, na upande wa kulia alivyosema wa pili. Pigeni mstari chini ya maneno yasiyolingana, kisha msomeane darasani. Kwaherini mpaka somo lijalo.