Kabureta, Nozeli na Hewa ya Ugogo

Wako watu katika nchi hii ya Ugogo wasemao ya kuwa kabureta ni kitu cha kijinga kilichokwisha kupitwa na wakati, na wako wengine waapao kwamba motokaa yenye nozeli za umeme ni balaa tupu. Sisi tumesikiliza maneno ya pande zote mbili, nasi twaona ya kuwa kila mtambo umeshitakiwa kwa makosa yasiyo yake. Yafaa basi tuzieleze habari hizi tangu mwanzo.

Petroli haiwaki vema mpaka ichanganyike na hewa kwa kipimo, nacho kwa uzito ni sehemu 1 ya petroli kwa sehemu karibu 15 za hewa. Mwaka 1893 Wilhelm Maybach, Mjerumani, alitengeneza kabureta yenye boya na tundu la kunyunyizia, na kwa muda mrefu sana motokaa nyingi za petroli ziliifuata njia hiyo. Hewa inayovutwa na injini hupita mahali pembamba, mwendo wake ukazidi, ikafyonza petroli katika kijitundu kiitwacho jeti. Kijitundu hicho kimekwisha kutobolewa, wala hakijui kama kiko bandarini au mlimani.

Hapo ndipo ilipo shida ya Dodoma. Mji huu uko zaidi ya meta 1,100 juu ya bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ile ya Dar es Salaam kwa karibu sehemu moja ya kumi. Gari lililowekewa kipimo chake pwani, likisha kupanda Gairo na kuingia Ugogo, hupata hewa pungufu, walakini petroli haipungui kwa kadiri ile ile. Ndipo hutokea moshi mweusi, plagi zikajaa masizi, nguvu ikawa haba, na petroli ikaliwa kupita haki yake. Wenyewe walisema, "Gari limechoka." Halikuchoka, lilikuwa likinyweshwa kupita kiasi! Fundi mwenye bisibisi na jeti ndogo kidogo aliweza kuliponya kwa muda mfupi, lakini kurudi pwani kulitaka jeti ile ya kwanza, nasi twadhani ni wachache waliojisumbua.

Kwa upande mwingine, kabureta ina fadhila moja ambayo watu wa njia za vumbi hawaisahau. Land Rover, iliyoanza kutengenezwa Uingereza mwaka 1948, ikizimika porini kwa jeti kuziba, dereva huifungua kabureta, akaipuliza jeti kwa kinywa chake, akaenda zake.

Hata katika zama hizo ilikuwako njia nyingine. Bert Shankland, aliyekuwa mkazi wa Tanzania, alishinda mashindano ya East African Safari mwaka 1966 na tena 1967 kwa Peugeot 404 isiyotumia kabureta, bali pampu ya chuma iliyosukuma petroli kwa nguvu. Umeme ulifuata upesi. Mwaka 1967 kampuni ya Bosch ya Ujerumani ilileta mtambo wake katika motokaa za Volkswagen: kifaa kimoja hupima msukumo wa hewa inayoingia, na kisanduku cha umeme hukadiria nozeli zifunguke kwa muda gani. Hewa ikiwa nyepesi, petroli hupunguzwa papo hapo. Motokaa ya namna hii hutoka Dar es Salaam hata Chimwaga, mahali kilipoanzishwa Chuo Kikuu cha Dodoma mwaka 2007, pasipo mtu kuigusa kwa bisibisi. Kwa nchi yenye pwani na uwanda wa juu, faida hiyo si ndogo.

Mbona basi nozeli zikapata jina baya? Motokaa zilizokwisha kutumika Japani zilipoanza kufika kwetu kwa wingi, petroli ya nchi zetu ilikuwa ingali ina risasi ndani yake, nayo risasi hukiua kifaa kipimacho oksijeni katika moshi. Risasi hiyo iliondolewa katika nchi za kusini ya Sahara kufikia mwanzo wa mwaka 2006. Tena walikuwako wafanya biashara waliochanganya petroli na mafuta ya taa, hata mwaka 2011 Serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili kuukomesha udanganyifu huo. Na madereva waliozoea kwenda na tangi karibu tupu hawakujua ya kuwa pampu ya umeme iliyomo tangini hupozwa na petroli yenyewe. Tangi ikikauka, pampu huungua. Lawama zote zilitupwa juu ya kisanduku.

Lililotuhuzunisha sisi ni habari ya mafundi. Fundi wa kabureta alikuwa na elimu ya sikio: aliisikiliza injini, akageuza msumari robo ya duara, akasikiliza tena. Elimu hiyo haikuandikwa, nayo huenda pamoja na wazee wake.

Siku hizi wako wenye magari makuukuu watakao kuiondoa kabureta na kufunga nozeli. Jambo hilo lawezekana, lakini lataka pampu yenye msukumo wa mara kumi hivi kuliko ule wa zamani, mipira mipya ya kuuhimili, na njia ya kurudisha petroli. Tangi nayo yataka kutazamwa kwanza kabisa, kwa maana kutu ambayo kabureta iliivumilia kwa miaka mingi itaziziba nozeli zote mara moja.