Uuguzi wa mgonjwa wa baipola huendelea hata nyumbani

KUTOKA wodini si kupona. Kwa mgonjwa wa baipola, ndipo safari ndefu huanza.

Maradhi haya ya akili huja kwa vipindi. Katika kipindi cha msisimko, mgonjwa hulala saa chache bila kuhisi uchovu, husema kwa kasi na hutapanya pesa. Katika kipindi cha huzuni nzito, hupoteza hamu ya chakula, kazi na hata uhai. Kati ya vipindi hivyo anaweza kuwa mzima na mchapakazi.

Katika kaunti za Meru na Embu, hospitali za rufaa za Meru na Embu huwahudumia wagonjwa wa akili. Daktari huagiza dawa, lakini muuguzi ndiye hukaa na mgonjwa kwa muda mrefu zaidi, naye humwandaa kuishi na ugonjwa huo nyumbani.

Jambo la kwanza ni dawa. Wagonjwa wengi huziacha wanapopata nafuu, na ugonjwa hurejea. Muuguzi humweleza mgonjwa kwamba nafuu hiyo imeletwa na dawa zenyewe. Anayetumia lithiamu hupimwa damu mara kwa mara, kwani ikizidi mwilini huwa sumu. Akitapika, akihara, akitetemeka sana au akipepesuka, anapaswa kufikishwa hospitalini haraka. Asinunue dawa za maumivu kama ibuprofeni bila ushauri, kwa sababu huongeza kiwango cha lithiamu mwilini. Mwanamke anayetarajia kushika mimba aseme mapema, maana valproeti inaweza kumdhuru mtoto tumboni.

Jambo la pili ni usingizi. Kukesha kunaweza kuamsha msisimko. Miraa ya Igembe na Tigania, pamoja na muguka wa Mbeere, ni mazao yanayolisha familia nyingi, lakini huchangamsha akili na kufukuza usingizi. Mgonjwa hushauriwa ajiepushe nayo, na pombe pia.

La tatu ni jamaa. Muuguzi huwafundisha kutambua dalili za mapema, kama vile usingizi kupungua kwa siku mbili tatu, na kumpeleka mgonjwa kliniki kabla hali haijaharibika. Kumfunga kamba au kumlaumu kwa uchawi humcheleweshea matibabu.

Muuguzi pia humuuliza mgonjwa waziwazi iwapo amefikiria kujiua. Kuuliza hakumtii wazo hilo. Humfungulia mlango wa msaada. Mnamo Januari 2025, Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kwamba kifungu cha sheria kinachofanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai kinakiuka Katiba.

Sheria ya afya ya akili iliyorekebishwa mwaka wa 2022 inazipa kaunti jukumu la kutoa huduma hizi. Huduma hiyo ikiwa karibu, mgonjwa hupata wa kumkumbusha dawa na tarehe ya kliniki, naye huweza kurejea shambani, dukani au darasani.