Jani la Mche na Jani la Mti: Mfano wa Mvule

Mwaka 1869 Friedrich Welwitsch, aliyekuwa amekusanya mimea huko Angola, aliutangaza mti tuuitao mvule kwa jina la Morus excelsa, yaani aliuhesabu kuwa aina ya mforosadi. Hakukosea sana, kwani mvule, mwenye utomvu mweupe, ni wa ukoo mmoja na mforosadi na mkuyu. Baadaye ukaitwa Chlorophora excelsa. Mwaka 1909 T. R. Sim, akiandika juu ya misitu ya Msumbiji, akaupa jenasi mpya na jina la Milicia africana; na mwaka 1982 C. C. Berg akalipatanisha jambo hilo kwa jina la Milicia excelsa. Mfasiri akutanaye na Chlorophora excelsa katika vitabu vya zamani asidhani kuwa ni mti mwingine. Wala asiandike msaji kwa sababu tu Waingereza wa biashara ya mbao huuita mvule tiki ya Afrika: msaji ni mti wa Asia, na hauna undugu nao.

Kiswahili chatumia jina moja tu, na Waganda nao husema muvule. Hata hivyo jina hilo moja limetufichia jambo. Mche wa mvule haufanani na mamaye. Majani yake hukwaruza mkono, na kingo zake zina meno kama ya msumeno. Mti ukikomaa, majani huwa laini na kingo hazina meno. Aujuaye mvule kwa shina lake refu huweza kuung'oa mche wake pamoja na magugu.

Hapa ndipo istilahi inapotutatiza. Tukiandika "jani changa", twasema nini hasa? Jani lililochipua juzi juu ya mvule mkongwe ni changa, wala halina meno. Jani lililokwisha pevuka la mche wa miaka miwili lina meno, wala si changa. Uchanga wa jani ni jambo moja, utoto wa mti ni jingine. Kwa hiyo twapendekeza "jani la mche" na "jani la mti mzima", na "jani changa" libaki na maana yake ya kila siku. Kwa mtumishi wa serikali hili si suala la ufasaha tu: kanuni ya kuukinga mvule ikitaja majani laini peke yake, mche wenye meno utakuwa nje ya kanuni hiyo.