Mfangano haijawahi kuhama, anwani yake ndiyo imehama

Cheki, kuna programu ndogo sana inaitwa tree, yaani mti. Steve Baker aliitoa 1996, ingawa DOS tayari ilikuwa na yake ya jina hilohilo tangu 1983. Unaandika neno moja tu kwenye ile skrini nyeusi. Programu inaingia kwenye folda, inataja vilivyomo, ikikuta folda ingine inaingia tena, na ikifika mwisho inarudi kushika tawi linalofuata. Mwishowe unaona kila faili na folda iliyoibeba.

Sasa chukua kisiwa cha Mfangano. Leo njia yake ni Kenya/Homa Bay/Suba Kaskazini/Mfangano. Poa. Lakini ungeuliza mwaka wa 1901, Waingereza wangekuonyesha upande huu wa ziwa ukiwa ndani ya Uganda, Mkoa wa Mashariki. 1902 wakaukata mkoa huo wakaupachika kwenye Himaya ya Afrika Mashariki, ambayo 1920 ikaitwa koloni la Kenya. Kisiwa kikawa chini ya South Kavirondo, wilaya iliyosimamiwa kutoka Kisii. Baadaye jina likageuzwa kuwa South Nyanza, nayo ikaja kugawanywa, ndiyo tukapata Homa Bay na Migori. 2013 kaunti zikaanza kazi. Muda huo wote wavuvi walikuwa wanatupa nyavu palepale. (Na ile michoro ya miambani ya Kwitone na Mawanga ni ya kale kuliko folda zote hizo.)

Shida ni kwamba jina la folda lilibadilishwa lakini karatasi za ndani zikabaki na anwani ya zamani. Ndio maana msee anatafuta historia ya Homa Bay, anapata kidogo, halafu anaamua ati watu wa huko hawakuandikwa. Waliandikwa. Ila waliopanga folda walikuwa maofisa, na walipanga kwa mipaka yao.

Hiyo tree ina tabia ingine. Ikikuta kiungo kinachoelekeza folda ya mbali, inakuchorea mshale tu na kupita. Haiingii mpaka uiambie tree -l. Abasuba wanasimulia kwamba mababu zao walivuka ziwa kutoka upande wa Buganda katika karne ya 18. Leo wengi wao wanaongea Dholuo, kwa hivyo mtu wa nje anawaweka kwenye tawi la Waluo na kuendelea na safari. Mshale upo, hakuna anayeufuata. Mimi hiyo naona ni uvivu, na ni uvivu unaokula lugha ya watu, kwa sababu wazee wanaoweza kukuelekeza kwa Olusuba wanazidi kupungua.

Kwa hivyo ukifika pale Kenya National Archives, Moi Avenue, usianze na Homa Bay. Ulizia South Kavirondo, kisha South Nyanza, ndio ushuke mpaka kisiwani.