Asili ya Skana na Uchaguzi Wake

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii ilikusudiwa fedha na bidhaa, lakini yafaa pia kwa vitu visivyouzwa sokoni: barua ya marehemu baba, picha ya arusi ya nyanya, cheti cha shule, mchoro wa mtoto. Vitu hivi vyote ni karatasi, na karatasi ina maadui wengi: mchwa, moshi, maji, jua na mikono ya watu. Chombo kimoja kitusaidiacho kuvihifadhi ni skana ya mezani, yaani mashine yenye kioo bapa. Karatasi hulazwa juu ya kioo, mwanga hupita chini yake, na sura ya karatasi huingia katika kompyuta. Siku hizi shule na nyumba nyingi zaweza kupata skana ya bei nafuu. Lakini kununua ni jambo moja, na kuchagua ni jambo jingine. Katika insha hii nitaeleza chombo hiki kilitoka wapi, kwa maana ajuaye asili ya chombo hadanganyiki upesi dukani.

Watu wengi hudhani kwamba skana ni mtoto wa kompyuta. Kwa kweli wazo lake lilitangulia kompyuta kwa miaka mia moja hivi. Katika mwaka wa 1843 Alexander Bain, fundi wa saa kutoka Scotland, alipewa hati ya kuulinda uvumbuzi wake wa kupeleka nakala ya maandishi kwa waya wa telegrafu. Bain alitambua kwamba umeme hauwezi kubeba ukurasa mzima kwa mara moja, lakini waweza kubeba habari ya mahali padogo, kisha pengine, kisha pengine. Alitumia kitu alichokijua vema, nacho ni kile kining'inio cha saa kiendacho huku na huku. Sindano iliyofungwa katika kining'inio ilipita juu ya herufi za chuma. Ilipogusa chuma umeme ulipita, na isipogusa umeme ulikatika. Upande wa pili wa waya kining'inio cha pili, kilichokwenda sawasawa na cha kwanza, kilitia alama juu ya karatasi yenye dawa. Haba na haba hujaza kibaba: mstari baada ya mstari ukurasa ulijaa.

Wengine walimfuata. Mwingereza Frederick Bakewell aliacha kining'inio akatumia pipa dogo lizungukalo, na mashine yake ilionyeshwa katika Maonyesho Makuu ya London mwaka wa 1851. Giovanni Caselli, kasisi wa Kiitalia, alikwenda mbali zaidi. Mnamo 1865 mashine yake ilianza kutumikia watu kati ya miji ya Paris na Lyon, nchini Ufaransa, ikipeleka maandishi ya mkono na michoro. Mashine hizi zilitofautiana kwa umbo, lakini siri yao ilikuwa moja: picha haimezwi kama tonge, bali husomwa mstari kwa mstari. Siri hiyo haijabadilika hata leo.

Kompyuta zilipokuja, zilikuwa hodari wa hesabu lakini hazina macho. Russell Kirsch alikuwa mfanyakazi katika ofisi ya serikali ya Marekani iliyosimamia vipimo na viwango, na ofisi hiyo ilikuwa na kompyuta iliyoitwa SEAC. Kirsch akajiuliza ingekuwaje kama kompyuta ingeweza kutazama picha. Mwaka wa 1957 yeye na wenzake waliunda pipa lizungukalo, wakafunga picha juu yake, na chombo chepesi kuhisi mwanga kikaipima nukta kwa nukta. Picha waliyoichagua ilikuwa ya Walden, mwana wa Kirsch, mtoto mchanga wa miezi mitatu. Ilikuwa na upana wa sentimeta 5 na urefu wa sentimeta 5, nayo ilikatwa kuwa nukta 176 kwa 176, yaani nukta 30,976 kwa jumla. Uso wa mtoto ulionekana kama umefumwa kwa vipande vya mkeka, lakini mtu aliutambua. Mwaka wa 2003 jarida la Life liliiweka picha hiyo katika orodha ya picha 100 zilizoubadili ulimwengu. Nawasihi wanafunzi waikumbuke hesabu hiyo ya 176 kwa 176, kwa kuwa tutairudia.

Pipa lilikuwa na kasoro moja. Huweza kuvikwa picha inayokunjika, lakini haliwezi kuvikwa kitabu. Dawa ya kasoro hiyo ilianza kupatikana mwaka wa 1969, wakati Willard Boyle na George Smith, wataalamu wa Bell Labs nchini Marekani, walipovumbua kijiwe kidogo cha umeme kigeuzacho mwanga kuwa ishara za umeme. Jina lake kwa kifupi ni CCD, na kwa kazi hiyo walishiriki Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka wa 2009. Vihisi vya namna hiyo vikipangwa katika safu moja, vyaweza kusoma mstari mzima kwa pamoja. Basi haikuwa lazima tena kuizungusha picha; picha ilitulia juu ya kioo, na jicho likatembea chini yake.

Aliyelitumia jambo hilo kwa faida kubwa ni Raymond Kurzweil, Mmarekani. Hakuwa akiwatafutia wachoraji chombo cha kuchezea. Alitaka vipofu wasome vitabu. Mwezi wa Januari 1976 alionyesha mashine yenye kioo bapa iliyosoma ukurasa uliochapwa, ikazitambua herufi, kisha ikayatamka maneno kwa sauti. Mwimbaji Stevie Wonder, ambaye ni kipofu, alikuwa miongoni mwa wanunuzi wa kwanza. Hivyo kile kioo tukionacho leo katika meza za ofisi kina deni kwa watu wasioona.

Hatua zilizobaki nitazipita upesi. Katika miaka ya 1980 skana za mezani ziliingia maofisini, zikiwa bado ghali. Mwaka wa 1992 makampuni yalikubaliana juu ya lugha moja ya programu, iitwayo TWAIN, ili skana ya kampuni moja isikilizane na programu za kampuni nyingine. Baadaye waya wa USB ukarahisisha kuiunganisha mashine na kompyuta, bei zikashuka, na zikatokea skana nyembamba sana zinazopata umeme wake wote kwa waya huo mmoja.

Sasa nitaeleza kosa langu mwenyewe, maana mwalimu asiyekiri kosa hufundisha nusu ya somo. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa mlezi wa chama cha historia katika shule moja ya sekondari katika milima ya Taita. Wanafunzi walizunguka vijijini wakiazima picha za zamani, nasi tulizinakili kwa skana ya shule na kuzirudisha kwa wenyewe. Mzee mmoja alituazima picha ya marehemu mama yake, ndogo, yenye inchi mbili kila upande. Ilikuwa ndiyo picha pekee ya mama huyo duniani. Nilitaka kazi iende mbio, na tena nilihofia kuijaza kompyuta. Kwa hiyo niliiamuru mashine isome nukta 75 katika kila inchi. Katika kioo cha kompyuta picha ilipendeza. Tukairudisha kwa shukrani.

Mvua za masika zilipokuja, paa la nyumba ya mzee likavuja, na sanduku lake likajaa maji. Alikuja shuleni akiwa ametulia kabisa. Akaniambia, "Mwalimu, ile karatasi imeharibika, lakini najua wewe unayo. Nitolee kubwa, ya kutundika ukutani, wajukuu wamwone." Nikajibu, "Vema, Mzee." Nilipoikuza, uso wa mama ukavunjika kuwa vipande vya mraba, na macho hayakuonekana. Nilifanya hesabu jioni ile. Inchi mbili mara nukta 75 ni 150. Nilikuwa nimehifadhi nukta 150 kwa 150. Picha ya mtoto wa Kirsch, iliyokuwa na ukubwa ule ule, ilikuwa na nukta 176 kwa 176 mwaka wa 1957. Mashine yangu iliweza kusoma nukta 1,200 katika kila inchi, lakini kwa uvivu wangu niliifanya iwe dhaifu kuliko babu wa skana zote. Mzee aliichukua picha ile akanishukuru, na shukrani yake iliniuma kuliko lawama.

Tangu siku hiyo nimeshika kanuni moja, nayo ndiyo mizani ya kuchagulia skana. Jiulize kwanza nakala yako itakuzwa mara ngapi, kisha uzidishe kwa 300. Karatasi itakayochapwa kwa ukubwa wake yatosheka na nukta 300 katika kila inchi. Picha ya inchi mbili itakayokuzwa iwe na inchi nane imekuzwa mara nne, basi yataka nukta 1,200. Vipande vya filamu, ambavyo ni vidogo mno, hutaka nukta 2,400 au zaidi, na pia taa ndani ya kifuniko, kwa kuwa filamu husomwa kwa mwanga upitao ndani yake. Asiye na filamu asilipie taa hiyo.

Hapo ndipo mnunuzi aangalie asidanganywe. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika sanduku la skana huenda ukakuta tarakimu mbili. Ya kwanza ni ile ambayo jicho la mashine huiona kweli kwa lenzi zake. Ya pili, ambayo ni kubwa mno, ni nukta zinazobuniwa na programu kwa kukisia katikati ya zile za kweli. Nukta za kukisia hazirudishi macho ya mama wa mtu. Soma tarakimu ya kwanza, uisahau ya pili.

Jambo jingine ni aina ya jicho. Skana zenye CCD hutumia vioo vya kujitazamia na lenzi kuuleta mwanga kwenye safu ndogo ya vihisi. Kwa hiyo ni nene na nzito, lakini huona hata kitu kilichoinuka kidogo juu ya kioo. Nyingine zimeandikwa CIS. Hizo zina safu ya vihisi yenye upana wa ukurasa, iliyo karibu sana na kioo. Ni nyembamba, nyepesi na aghalabu rahisi, nazo husoma vizuri kitu kilicholala bapa. Lakini ukiweka jani lililojikunja, kipande cha kiondo, au kitabu kinene kisichofunguka vema, sehemu zilizoinuka huwa na ukungu. Basi mwenye barua na picha za kawaida atatosheka na CIS, na mwenye kupenda sanaa ya majani, maua na ususi atafute CCD, hata ikiwa imetumika. Kitabu kikuukuu kinachokatika mgongo kisigandamizwe juu ya kioo chochote. Ni heri kipigwe picha kwa kamera.

Anunuaye skana iliyotumika aijaribu kabla ya kulipa. Aweke karatasi nyeupe aone kama kuna mistari katika nakala. Aulize kama ipo programu ya kuiendesha katika kompyuta aliyo nayo, kwa kuwa mashine nzima isiyosikilizana na kompyuta ni sanduku tu. Atazame pia kifaa chake cha umeme: umeme wa Kenya ni volti 240, na wa Marekani ni volti 120. Kifaa kilichotengenezwa kwa Marekani pekee chaweza kuungua siku ya kwanza.

Wengine watauliza kama simu ya mkononi haitoshi. Kwa risiti au barua ya haraka, inatosha. Lakini mkono hutikisika, mwanga huegemea upande mmoja, na pembe za karatasi hupinda. Skana huangaza kila mstari kwa mwanga ule ule na kwa umbali ule ule, na huo ndio ubora ambao Bain aliutafuta kwa kining'inio chake.

Lakini pia si busara kusoma kila kitu kwa nukta nyingi. Ukurasa wa A4 wenye rangi, ukisomwa kwa nukta 1,200, huzaa nukta kama milioni 139, na kompyuta ndogo huelemewa. Barua ipewe haki ya barua, na picha ya pekee ipewe haki ya picha ya pekee.

Katika historia hii twaona kwamba tangu mwaka wa 1843 mashine zimekuwa zikisoma kwa subira, na kwamba pupa hutoka kwetu sisi. Skana ya bei ndogo mikononi mwa mtu ajuaye kuhesabu ni bora kuliko ya bei kubwa mikononi mwa mtu mwenye haraka. Mkiazima picha ya mtu, iwe ya nyanya au ya jirani, isomeni kana kwamba kesho mvua itanyesha.