Betri Zilizongoja Miaka 19

Kila mwenye tochi ameona betri ikichoka. Sisi tunanunua nyingine sokoni. Lakini ikichoka huko juu kupita mawingu, nani atapeleka mpya?

Jambo hilo liliwasumbua sana wataalamu wa miezi bandia. Chombo kinachoizunguka dunia hupata umeme kwa vibao vya jua; kikiingia katika kivuli cha dunia huishi kwa betri tu. Darubini Hubble huizunguka dunia mara 15 hivi kila siku. Betri za zamani, za nikeli na kadimi, zilichakaa upesi kwa kujazwa na kutumiwa hivyo.

Basi, miaka ya 1970 ilipoanza, Wamarekani wa maabara za COMSAT walitengeneza betri nyingine. Upande mmoja ni nikeli, upande wa pili ni hewa ya hidrojeni, na kati yake maji makali ya potasi. Betri ikijazwa, hewa huongezeka. Ikitumika, hewa hupungua. Kwa hiyo hufungwa katika chupa ya chuma imara, na fundi akipima msukumo wa hewa hujua umeme uliobaki. Hilo nalipenda kuliko yote: betri isiyoficha njaa yake. Mwaka 1977 mwezi bandia NTS-2 uliruka nayo kwanza.

Hubble ilipelekwa juu Aprili 1990 na betri 6 za namna hiyo. Zilitazamiwa kudumu miaka 5. Februari 2003 chombo Columbia kilivunjika angani, watu 7 wakafa. Januari 2004 safari ya kuitengeneza Hubble ikafutwa. Betri zikazidi kupungua nguvu pole pole, wala hapakuwa na mtu wa kuzibadili. Mwaka 2006 wakuu wakageuza shauri, na Mei 2009 wanaanga wa Atlantis wakazitoa, 3 siku moja, 3 siku nyingine. Zilikuwa zimefanya kazi miaka 19.

Mbona basi hatunazo nyumbani? Ni bei. Hidrojeni huamshwa kwa platini, nayo ni madini ya thamani kubwa. Mwaka 2018 Yi Cui na wenzake wa chuo kikuu cha Stanford walionyesha kwamba mchanganyiko wa nikeli, molibdeni na kobalti waweza kushika kazi ya platini, ili umeme wa jua na wa upepo uwekwe akiba hapa chini. Kobalti, ndiyo, ile ile inayochimbwa Kolwezi.